Tao la Kanisa la Ruiru

Kwa miaka mingi nilishikilia kwamba ni kitabu kilichonipotosha. Leo naungama: kitabu hakina kosa.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu Thika. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kitabu kinene cha picha za majengo ya kale ya Hispania, na majivuno ya unene uo huo. Wazee wa kanisa la wafanyakazi wa shamba moja la kahawa, Ruiru, wakaniita: fundi wao amejenga mlango wenye tao kama la msikiti. Libaki au libomolewe?

Jumamosi asubuhi nilipanda gari la moshi, kibali cha kusafiri cha siku zile za Hali ya Hatari mkobani, kitabu mapajani. Sikukifungua. Mtu anayejua hana haraka ya kusoma.

Ruiru, saa nne. Mzee Kamau, karani wa shamba na mkuu wa wazee, alinipeleka kanisani. Tao lilikuwa la mawe ya kuchonga, limejikunja kwa ndani huku chini, kama kiatu cha farasi. Fundi Barasa, mtu wa Kakamega, aliteremka kutoka jukwaa la ujenzi.

"Umelitoa wapi hili?" nikamuuliza.

"Kwa Mwislamu aliyenifunza kazi, Mombasa. Linabeba mzigo vizuri."

Nikafungua picha ya kwanza: msikiti, tao lile lile. "Ni la msikiti," nikatamka.

"Basi Jumatatu ulibomoe," Mzee Kamau akamwambia.

"Miezi miwili yangu, mzee. Nikibomoa, nani huku atanipa ukuta tena?" Barasa akanigeukia. "Mwalimu, kitabu chote hicho kina picha moja?"

"Moja inatosha."

Alasiri, nikirudi, gari lilikawia njiani, kituo cha Kalimoni. Nilipochoka kutazama mkonge nikafungua kitabu. Picha ya pili: sinagogi ya Wayahudi, tao lile lile, kazi ya mafundi Waislamu. Ya tatu: kanisa la watawa Wakristo, tao lile lile. Maelezo yalisema kwamba katika karne zile za kati watu wa dini hizo tatu waliazimana mafundi, kama sisi tunavyoazimana jembe. Kitabu nilikibeba miaka mitatu; maelezo sikuwahi kuyasoma.

Jumatatu, posta ya Thika ilipofunguliwa tu, nikapiga simu ofisi ya shamba.

"Mzee Kamau, msibomoe. Wakristo wa kale walijenga makanisa kwa tao hilo hilo."

"Barasa ako hapa, amekuja kuchukua nyundo. Una hakika, Mwalimu? Juzi pia ulikuwa na hakika."

"Nina hakika."

"Basi litabaki. Wazee niwaambie nini?"

"Waambie kitabu kimesema vingine."

Nikamsikia Barasa pembeni, ametulia kabisa: "Muulize kama kimeandikwa upya tangu Jumamosi."