Joka Lililokataa Kuchoma Mahindi

Sisi tuliokulia Voi wakati kompyuta bado zilikuwa na nundu mgongoni kama ng'ombe, tunaelewana bila maelezo mengi. Tulijua kupangusa vumbi jekundu kwenye kioo kabla ya kuwasha. Tulijua pia kungoja. Mashine ilinguruma, ikatulia, ikanguruma tena, na wewe umekaa kwenye kigoda mikono mapajani kama uko kanisani. Mtoto wa leo simu ikichelewa kidogo tu kufunguka, anakwambia imeharibika, nunua nyingine.

Kabla ya kompyuta kuingia katika maisha yetu tulicheza juani. Wasichana tuliruka blada, ule mpira mrefu wa kuvutwa, mpaka magoti yakawa na rangi moja na barabara. Tulicheza kati, mmoja akiwa katikati akikwepa mpira wa soksi na karatasi za nailoni, na wavulana walipigana kwa sababu ya bano, zile gololi za kioo, kisha wakagawana viazi karai vya ukwaju kana kwamba hakuna aliyetukanwa. Tukila mabuyu, midomo ilibaki myekundu hata shuleni, na mwalimu alijua vizuri nani alipitia dukani. Jumapili mama mdogo, mke wa mdogo wake baba, alipika kimanga, ile mihogo na maharagwe iliyopondwa pamoja, na harufu yake ilitufuata mpaka tukaacha mchezo wenyewe bila kuitwa. Vijana wa siku hizi wanaita kitu hicho chakula cha wazee. Wamepoteza, lakini mimi siwabembelezi, hubaki kingi zaidi kwa wanaojua.

Lakini mimi sikuzaliwa mjini. Kwetu ni kijijini Marungu, na mwaka mmoja ndovu waliingia shambani mahindi yakiwa yameanza kubeba. Baba na majirani walipiga madebe mpaka mikono ikavimba. Ndovu akishaonja mahindi mabichi, debe lako kwake ni muziki tu. Kulipokucha shamba lote lilikuwa limelala chini, na baba alikuwa akitembea katikati yake akiinua bua moja moja, akilisimamisha, nalo linaanguka tena. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba mtu mzima pia anaweza kukosa la kufanya, na nilihuzunika kuliko nilivyowahi kuhuzunika.

Ndiyo maana nikapelekwa Voi kwa mdogo wake baba, nile na nisome huko mpaka mambo yatengemae. Mama alinifungia nguo zangu kwenye mfuko akanishika mabega. "Huko si kwenu," aliniambia. "Usiguse vitu vya watu. Usijibizane na mtu. Ukileta maneno watakurudisha, na hapa unaona hali ilivyo." Nilimwitikia kwa kichwa. Njia nzima niliyarudia maneno yale moyoni, maana niliogopa kurudishwa kuliko nilivyoogopa ndovu.

Baba mdogo alikuwa karani ofisini, mtu mpole wa suruali zilizopigwa pasi na kalamu mfukoni. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwadime, aliyenizidi kidogo umri na kunizidi sana maneno. Ofisi yao ilipoletewa kompyuta mpya, ile ya zamani aliileta nyumbani kwa mkokoteni, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Mama mdogo, mkewe, aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, sawa na kile cha redio na kile cha televisheni. Katika nyumba za wakati ule hakuna kitu cha thamani kilichokaa uchi.

Ndani ya mashine hiyo mtu fulani ofisini alikuwa ameacha gemu. Ulipoifungua iliuliza unataka kuwa nani: mpiganaji mwenye upanga, mzee mchawi mwenye ndevu, au joka. Mwadime hakufikiri mara mbili. Akawa joka. Ukilitazama kwa karibu lilikuwa viraba vya kijani tu vilivyopangwa, lakini ukirudi nyuma kidogo na kukunja macho, wallahi ni joka lenye mabawa, na mkia wake ukicheza. Ukibonyeza kile kitufe kirefu cha chini, linafungua kinywa na kutema moto, na spika zinakoroma mpaka kuku wa jirani wanashtuka. Watoto wa leo wakiona picha zile watacheka wafe. Sisi tuliona milima, mito na nchi nzima, kwa sababu pale mashine ilipoishiwa, kichwa kilimalizia.

Mama mdogo aliimba kwaya, na hakulipenda joka. Alilitambua, alisema, ni lile lile la siku za mwisho ambalo mchungaji analihubiri. "Hilo lenu likianza kuongea, mimi nahama," alitutisha, huku akipita na sinia la mchele. Baba mdogo akamhakikishia kwamba hili ni la Wazungu, halijui Kiswahili. Hata hivyo kila Jumamosi mama mdogo alikuwa akisimama nyuma yetu na sinia lile, mchele haujachaguliwa, akiuliza tumefika wapi.

Mimi mwanzoni nilisimama mbali, mikono nyuma, kama nilivyoagizwa. Kisha Mwadime akagundua kwamba mikono yake miwili haitoshi kuruka, kugeuka na kutema moto kwa pamoja. "Kuja ushike mausi," aliniambia bila hata kugeuka. "Mimi moto, wewe njia." Basi nikakaa kando yake nikakishika kile kidude, kina joto la mkono wake. Kilikuwa kitu cha kwanza cha nyumba ile nilichokigusa kwa raha. Kuanzia hapo tuliruka pamoja kila tulipomaliza kazi za shule, mimi nikigeuza joka kushoto na kulia juu ya misitu, na nilianza kusahau kwamba mimi ni mgeni.

Gemu ile ilikuwa na masharti yake. Joka lisiposhambulia kijiji halikui, na lisipokua halivuki milima. Siku moja tukafika juu ya kijiji cha kwanza. Kulikuwa na vibanda, na kando ya vibanda mistari ya kijani imepangwa vizuri. Nafikiri sasa ilikuwa ngano, au nyasi tu. Lakini mtoto wa Marungu akiona mistari ya kijani kando ya nyumba, hayo ni mahindi. Halafu vijitu vikatoka mbio, vidogo kama sisimizi, vimeinua mikono, vinatupungia tuondoke. Mmoja alibaki katikati ya shamba peke yake. Sijui ni mashine iliyokwama au vipi, lakini hakukimbia. Alisimama pale pale.

Nikaivuta mausi kwa nguvu zangu zote. Joka likageuka likaelekea mtoni.

"Wee! Mbona unageuza?" Mwadime alipiga kelele. "Hapo ndipo kuna pointi!"

"Ni mahindi ya watu," nikasema.

"Mahindi gani? Ni gemu!" Akajaribu kuninyang'anya mausi, nami nikaing'ang'ania. Hapo ndipo alipolisema. "Kama unapenda mahindi hivyo, si urudi kwenu Marungu ukayalinde!"

Nikaiachilia. Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye jiwe la kufulia, na sikulia. Ningelia ingekuwa afadhali. Ile hasira ilikaa kifuani ikapata kiti. Sikujibizana naye, maana nilikatazwa, lakini sikumsemesha pia. Nilimpitia kama mlango. Alinitolea nyama kwenye sahani yake nikairudisha. Mama mdogo aliuliza kuna nini, sote wawili tukasema hakuna kitu.

Kisha Mwadime akashikwa na malaria. Mbu wa Voi hawachagui, kila mtu aliugua wakati wake, lakini mimi niliogopa sana. Huko kwetu nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema kwamba hasira ya ndugu ikikaa moyoni bila kutolewa, inamwangusha yule unayemkasirikia. Alipelekwa zahanati, akapewa vidonge, akarudi akalala kwenye kochi akitetemeka. Nilimtazama kutoka mlangoni nikajua ni mimi. Nilijua pia kwamba wakigundua, narudishwa.

Nyanya yetu, mama wa baba na baba mdogo, alishuka kutoka Werugha na kabichi zake na ndizi, bado amejifunga sweta ya baridi ya kule juu, jua la Voi likimchoma. Alimshika Mwadime paji la uso. Alinitazama mimi. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Nani ana hasira katika nyumba hii?"

Mama mdogo akaanza kueleza mambo ya vidonge. "Vidonge ameze," nyanya akasema. "Mimi nauliza habari ya moyo."

Nikanyoosha mkono, kama darasani.

Wasiojua kutasa niwaeleze kidogo, maana hata watoto wetu wa Kitaita wengi hawajui. Nyanya alikuwa mama wa kanisa, kitambaa kichwani na kila kitu, lakini jambo hili hakuliona kama dhambi. Unachukua maji, unatia kinywani, unayapuliza nje kwa rasharasha, na unatamka kwamba ile hasira uliyokuwa nayo umeitoa, fulani apone, na pawe na amani. Ni hivyo tu. Zamani walitumia pombe ya miwa. Nyanya alitumia maji ya mtungi.

Akanipa kikombe. "Ilianzia wapi hiyo hasira?" Nikaonyesha kompyuta. Akaigeukia akaikagua, kitambaa chake cheupe, nundu yake. "Basi simama hapo ilipoanzia," akasema. Hakuna aliyefikiria mara ya pili. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyeondoa kitambaa. Nilijaza mashavu, nikamtazama Mwadime akitetemeka chini ya blanketi, nikapuliza kwa moyo wangu wote. Yakatoka maji mengi kuliko nilivyotarajia. Nikasema, "Hasira yangu yote imetoka. Mwadime apone. Nisirudishwe." Hilo la mwisho halikuwamo, lilitoka lenyewe.

Kumbe chini ya kitambaa kompyuta ilikuwa imeachwa ikiwaka. Ikaanza kulia piii, piii, bila kukoma. Mama mdogo akarukia waya akauchomoa. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kibodi, na Mwadime akaanza kucheka kochini huku meno yakigongana kwa homa.

Baba mdogo aliporudi kazini alitukuta tumekaa kama watu waliofiwa. Alisikiliza habari yote amesimama, kalamu mfukoni. Mimi nilikuwa tayari nimefunga nguo zangu kwenye mfuko. Aliuona ule mfuko. Akauliza, "Huu ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema. "Nimeharibu kitu cha watu."

Nyanya ndiye aliyejibu, kabla yake. "Cha watu gani? Wewe umewahi kuona mgeni akitasa? Mgeni akikasirika anaenda kwao. Huyu amekasirikia hapa na ametolea hapa. Ni wa hapa." Baba mdogo akauchukua mfuko wangu, akazitoa nguo moja moja, akazirudisha kwenye sanduku. Halafu akabeba kibodi akaenda kuianika juu ya mabati, imelazwa kifudifudi.

Kwa jua la Voi ilikauka. Mashine ikawaka, herufi zikaandika, lakini kile kitufe kirefu cha chini hakikufufuka tena. Joka letu likabaki bila moto. Mwadime alipopona alikibonyeza, akakigonga, akakikuna kwa kijiti cha kiberiti, hola. Nilitarajia akasirike. Akaniangalia, akasema, "Sasa tutafanya nini na joka lisilotema moto?"

"Tutaruka," nikamwambia.

Tukaruka likizo nzima. Halikukua, halikuvuka milima, na vile vijitu vilizoea kutuona vikaacha kukimbia. Tulizipa sehemu majina ya kwetu, pale Werugha kwenye ukungu, kule Makwasinyi. Sijawahi kucheza mchezo mwingine nikawa na furaha kama ile.

Siku hizi mwanangu Righa anacheza na Mghoi, binti wa Mwadime, yeye hapa Voi na mwenzake Mombasa, kila mmoja na vipokea sauti masikioni. Majoka yao yana magamba unayoweza kuyahesabu. Walikosana kwa jambo la humo humo kwenye gemu, na nilipomuuliza mbona hamtaji tena Mghoi, akanijibu kwa utulivu, "Mum, nilimbloki." Amemaliza. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyerudisha nyama, hakuna aliyepimwa paji la uso. Sisi kukosana kulikuwa kazi, kwa sababu jioni mlikutana kwenye meza moja. Ninawaonea huruma, ingawa wao wanaona sisi ndio wa kuhurumiwa.

Juzi tulimzika baba mdogo kule Werugha. Righa alikaa mwisho mmoja wa hema, Mghoi mwisho mwingine, kila mtu na simu yake. Mwadime, mzee mzima sasa na kitambi, alishika kipaza sauti kuzungumza kuhusu baba yake. Akasema marehemu alituacha sisi wawili, yeye na dada yake.

Righa akasogea karibu akaninong'oneza. "Mum, kwani ankal Mwadime ana sista?"

Mchungaji alikuwa amewaita watoto wa marehemu waje kutia udongo, na Mwadime alikuwa amesimama kando ya kaburi, mkono ameunyoosha upande wangu, akiningoja.