Mbuzi wa Kituo cha Chaji

Nimechoka kueleza kwamba kwenye kituo cha kuchajia magari ya umeme, mashine siyo inayotumaliza. Kinachotumaliza ni kuufikisha umeme kwenye hiyo mashine: nguzo, transfoma, nyaya nene, mitaro. Kule Zombe, mzee mmoja alitaka kuikodishia kampuni yetu ploti yake kando ya barabara, lakini laini yenye nguvu ya kutosha ilikuwa mbali mno.

Siku ya kwanza nilipoenda kupima, mzee alichinja mbuzi. Kwake mgeni wa maana haondoki na chai tupu. Makadirio yangu ya gharama yakaenda ofisini Nairobi, yakarudi: ghali, punguza. Nikaenda kupima tena, akachinja wa pili. Bosi akasema bado ni ghali, nitafute njia fupi ya kupitisha nguzo. Kana kwamba njia fupi nilikuwa nimeificha mfukoni! Nilipoipata, ilikuwa mwamba mtupu. Siku hiyo mzee alichinja wa tatu, na mke wake akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuona hata gari moja la umeme likipita hapo. Nikajifanya mdomo umejaa nyama.

Wiki iliyopita mradi ulifutwa kwa sababu ya gharama. Nikampigia mzee simu kumpa pole. Akauliza kama sitakuja kumwambia ana kwa ana. Nikasema nitakuja Jumamosi.

“Basi sawa, injinia,” akasema. “Mbuzi amebaki mmoja.”