Bati la Vipimo na Tumbo la Fundi Mkuu

Siyo kweli, Mama, kwamba kumbukumbu za kazi wanaandika wenye mvi tu. Wenye mvi wameshasahau nusu. Mie nina miaka ishirini na mbili, nimefanya kazi miezi kumi na minne, nimestaafu leo saa tano asubuhi, na kila nati bado naikumbuka. Nikisubiri niwe bibi, wadogo zangu wanaomaliza kidato cha nne watajifunzia wapi? Mama kasema haya, andika, ila uandike huku unachambua maharage. Kwa hiyo naandika kwa awamu.

Siku ya kwanza nilifika gereji, kule Bunju, nimevaa sketi ya pasi na cheti kwenye bahasha. Gereji yetu inafunga viti na mikanda kwenye magari ya shule. Fundi Mkuu, mzee wa Kichaga mwenye gereji, hakuifungua bahasha. Aliniuliza kabila. Nikasema Mpare. Sasa si mnajua Wapare tunavyosemwa, kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Akageukia ndani, akamwambia fundi wake, "Saidi, ficha kuku, wenye kesi wameingia."

Nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo Mzee.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Idara ya Ndoo. Ndoo yenyewe ilijaa bolti na nati za kila aina na kazi yangu ilikuwa kuzitenga. Nilikaa hapo miezi mitatu. Wadogo zangu, bolti ya mkanda ina namba kichwani inayoonyesha ugumu wake. Isiyo na namba ni ya kufungia kitanda, msimfungie nayo mtoto wa mtu.

Kisha nikahamishiwa Chini ya Gari, mkuu wangu akiwa Fundi Saidi. Yeye anakaza bolti kwa juu, mie nimelala chini nashika nati kwa spana, kutu inanidondokea machoni. Huko nilijifunza sahani. Sahani ni kipande cha chuma kinene, ukubwa wa kiganja, kinakaa chini ya sakafu kabla ya nati. Sakafu ya gari ni nyembamba kama sufuria. Gari likigonga, mtu anaenda mbele, mkanda unavuta bolti, na kama hakuna sahani bolti inachomoka na kipande cha sakafu. Fundi Saidi alikuwa anasema sahani ndo mke wa bolti, bila yeye jamaa anazurura tu.

Mwezi wangu wa tisa nikapandishwa cheo. Nikapewa Bati.

Bati ndo kila kitu pale gereji. Limekatwa kwa umbo la ubavu wa kiti, na lina tundu moja. Unalibandika kwenye chuma cha pembeni ya kiti, unaweka alama kwenye tundu, unatoboa, hapo ndo linafungwa shikio la mkanda. Hupimi kitu, hufikirii kitu. Nilimuuliza Fundi Saidi hicho kipimo kilitoka wapi. Akasema Mzee anakaa kwenye kiti, anajifunga mkanda, ukimkaa vizuri wanachora. Na kila mwaka mpya Mzee anakaa tena, kwa sababu ule wa mwaka jana unakuwa umeanza kumbana.

Mabati ya zamani bado yananing'inia ukutani kwa mpangilio. Mwaka hadi mwaka tundu linapanda na kurudi nyuma, kama mtu anayepanda ngazi. Nilisimama pale nikaangalia ukuta, nikaelewa kwamba ninachokiangalia ni tumbo la Mzee, tangu ujana wake.

Sasa hili siyo jambo la kuchekea, japo Fundi Saidi alicheka hadi akadondosha drili. Mkanda wa kiunoni kazi yake ni kushika mifupa ya nyonga, ambayo ni migumu. Kwa hiyo shikio linatakiwa likae chini, karibu na kona ya kiti, ili mkanda uvute kuelekea chini. Likikaa juu na nyuma, mkanda unalala tumboni, na tumbo halina mfupa. Gari likigonga, mkanda unaingia kwenye utumbo, au mtu anateleza chini yake na kuendelea na safari.

Na gari tuliyokuwa nayo wiki hii ni ya chekechea. Viti ishirini na vinne, vyote nimevitoboa mie mwenyewe kwa Bati. Inachukuliwa kesho saa tano.

Jana mwalimu wao alikuja na katoto ka miaka minne kupiga picha. Kakafungwa mkanda. Ukapita kwapani, kama mama aliyetoka kuoga kajifunga khanga. Mwalimu akasema kapendeza. Mzee akasema kazi nzuri. Mie sikulala vizuri.

Leo asubuhi nikaanza kwa adabu. Nikasema Mzee, naona kama Bati limekaa kiutu uzima. Akasema bati halina umri. Nikasema labda watumiaji wanatofautiana maumbo. Akasema ndiyo maana mkanda una sehemu ya kurefusha. Nikaona nichore. Nikachora kiti, nikachora mtu, na mtu nikamchora duara, kwa sababu ndivyo Bati linavyosema alivyo.

Mzee akaliwekea kidole lile duara.

"Huyu nani?"

Fundi Saidi akaingia chini ya gari isiyo na tatizo lolote.

"Shikamoo Mzee," nikasema, japo nilishamwamkia. "Samahani sana. Kwa heshima zote, tatizo ni tumbo lako."

Hakufoka. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Binti, nenda kapumzike." Basi. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Nilipofika hapa kwenye awamu ya kuandika, nikamsomea Mama. Nilitegemea anionee huruma. Ameacha maharage, akaniuliza huyo mzee ni Mchaga kweli? Nikasema ndiyo. Na miezi yote hiyo anakuitaje? Nikamwambia ananidhalilisha tu: mtoto wa kesi, ficheni kuku, Mpare mbona huniletei makande, unakula peke yako kwa ubahili. Mie nainamisha kichwa, namwamkia.

Mama kashika kiuno.

"Miezi kumi na minne mtani wako anakutania, na wewe unamjibu shikamoo? Atakuwa anakuona una majivuno."

Nikasema nilijua utani wa Wachaga na Wapare ni wa misibani na harusini. Akasema utani ni popote mnapokutana. Mtani hanuniwi. Mtani anaruhusiwa kusema kile ambacho mke wa mtu anaogopa kukisema.

"Halafu tumbo lake umelitaja kwa heshima zote," akasema. "Ndo maana limemuuma. Ungemtukana kidogo angekuelewa."

Nimekaa nimewaza. Somo la kustaafu nililokuwa nimeliandaa lilihusu sahani na bolti, nimelifuta. Watoto ishirini na wanne ni watoto ishirini na wanne, na matundu yanahitaji kushuka vidole vinne tu. Tukianza mapema, drili mbili, tunamaliza kabla ya saa tano.

Mama keshabandika mahindi, maharage haya yanaingia sasa hivi. Kesho saa kumi na mbili nitakuwa getini na hotipoti ya makande, ile kubwa, ambayo kwenye kiti inafika kimo cha tumbo la mtoto wa chekechea. Shikamoo nitampa, ni mzee. Baada ya hapo nitamwambia, Mchaga wewe, makande uliyoyalilia haya hapa, ila kwanza yanapanda gari. Nitaiweka hotipoti kiti cha nyuma ya dereva, nitaifunga mkanda kwa tundu la tumbo lake, mfuniko nitauacha wazi, na Fundi Saidi ataendesha mpaka barabarani halafu akanyage breki.

Makande yakimwagika, tunatoboa upya. Yakibaki, mie nitakuwa nimestaafu kweli, na yeye ale.