Anayesoma Nyuma ya Ukuta

Saa kumi jioni, Bujonde. Jua la Kyela limeanza kulegea, lakini Anyitike bado anageuza kakao kwenye vichanja kwa reki ya mti. Nyuma yake, ndani ya ghala la kikundi cha wakulima, darasa la watu wazima limeanza.

"Ba, be, bi," wanaitikia walio ndani.

"Bo, bu," anamalizia Anyitike huko nje, peke yake, mgongo ukigusa ukuta.

Ana miaka thelathini na minne na hajawahi kukaa darasani. Darasa lenyewe ndilo hilo, hapo hapo anapofanyia kazi. Ubao, chaki na vitabu vimeletwa na halmashauri, mwalimu analipwa posho na serikali, na ada hakuna. Sasa kinamzuia nini kuingia? Mtu mmoja tu: mwanafunzi wa benchi la mbele, Mzee Lazaro, baba wa mumewe.

Kwa mila ya Kinyakyusa, mke hakai mahali pamoja na baba mkwe, hatazamani naye, wala hatamki jina lake. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Hii haijalegeza hata kidogo. Mzee akikaribia mahali hukohoa, na mkamwana akisikia hupisha njia.

"Baba ndiye aliyejiandikisha kwanza," anasema Anyitike, akiipumzisha reki. "Alimtuma mama mkwe aniambie yuko tayari kuacha, niingie mimi. Nikakataa. Mtu ametamani kusoma Biblia tangu ujana wake, leo nimtoe mimi? Usingizi ningeupata wapi?"

Lakini hamu anayo, tena hamu inayouma. Mumewe, Eliud, anatengeneza maboti Mbamba Bay, mbali kusini kando ya ziwa, na nyumbani huja kwa nadra. Akipiga simu mtandao unakatakata, kwa hiyo hutuma ujumbe. Wa kuusoma ni jirani, Prisca.

"Kila ujumbe ni ule ule. Hamjambo, mimi mzima, watoto wasome. Utadhani tangazo la mwenyekiti wa kijiji!" Anyitike anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Eliud ni mtu wa maneno matamu, namjua mimi. Ila anajua anayesoma ni Prisca. Yale ya kwangu anabaki nayo moyoni. Jamani, nimeyakosa mno."

Ndipo akaanza kusomea ukutani. Ikafika mahali akawa anajibu kabla ya waliomo ndani, hadi Mwalimu Dorothea, mgeni kutoka Songea asiyeijua mila hii, akatoka na kitabu kwenda kumwona huyo hodari. Akamfunulia ukurasa. Anyitike akakodoa macho. Hakuitambua hata herufi moja.

"Kumbe sijui kusoma," anakumbuka. "Sauti zote ninazo, sura zake sijawahi kuziona! Nililia pale pale, wala sikujificha."

Mwalimu akaomba lianzishwe kundi la pili, la asubuhi. Jibu likaja kutoka halmashauri kwamba fungu la mwaka huu linatosha kundi moja kwa kijiji, waombe tena mwakani.

Aliyepata njia ni Mzee Lazaro. Kesho yake mwalimu aliposhika kifutio, mzee alimzuia. "Usifute. Kuna mtu hajasoma."

Tangu hapo, darasa likiisha hutoka wa kwanza, akikohoa mpaka sauti ipotelee migombani, ndipo mkamwana anaingia. Alipoulizwa juu ya mtu huyo, mzee alitazama pembeni.

"Simtaji," alisema. "Ila asome."

Jioni hii ubaoni kuna sentensi moja ya kakao. Anyitike anaifuata kwa kidole mbele ya mwalimu, silabi kwa silabi. Jasho linamtoka, lakini mwisho anaufikia. Kisha anachukua chaki na kuandika chini yake, ulimi nje: Nasoma mwenyewe.

"Haya ndiyo nitakayomtumia Eliud, siku nitakapoweza kusoma majibu yake bila Prisca," anasema. "Maneno mawili tu. Atajua sasa aandike nini."

Kikohozi hicho! Mzee amesahau fimbo yake. Anyitike anachomoka kwa mlango wa nyuma, chaki ingali mkononi, na kujibanza pale pale pake ukutani.

Ndani, fimbo haijaokotwa. Mzee Lazaro ameuona mwandiko mgeni ubaoni.

"Na-so-ma mwe-nye-we," anasoma taratibu. Anarudia, safari hii bila kukata. Kisha anapaza sauti, ingawa mwalimu amesimama karibu yake kabisa.

"Mwalimu, mwakani ukiomba lile kundi la asubuhi, uwaambie na mimi nimeomba. Na wa kwanza kuandikwa awe mke wa Eliud."

Nje, Anyitike amejifunika uso kwa kanga. Asante yake hawezi kumpa baba mkwe ana kwa ana.

"Ndaga," anaunong'onezea ukuta kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo."