Jiwe la Kinsevere na Bati la Jikoni

Jambo zima liligharimu mabati matatu ya paa la jiko, chumvi ambayo hakuna aliyeihesabu, mawe manne na rafiki mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili rafiki ndiye aliyeniharibia hesabu. Alikufa kwa ini, jiwe halikumuua. Lakini nikimtoa humo, kinachobaki hakifai hata kusimuliwa.

Mimi nauza vitu vikuukuu vya umeme pembeni mwa soko la Kamalondo, hapa Lubumbashi: betri zilizochoka, nyaya, mota za mashine ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Rafiki yangu alitengeneza redio na simu mtaa wa pili kutoka kwangu. Tulimwita Injenia, naye aliipokea heshima hiyo bila kudai diploma. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa nyuma ya karakana yake watu wanne: yeye, mimi, mwalimu wa fizikia tuliyemwita Prof, na dereva wa teksi aliyeamini kwamba gari linaweza kutembea kwa maji matupu. Katikati yetu kulikuwa na ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kikombe kimoja kilichozunguka. Tulijadili sumaku zinazojizungusha zenyewe, umeme unaopita hewani, yote tuliyoyaona kwenye simu. Mtu anayekatiwa umeme kila wiki ana sababu nzuri ya kuamini kwamba umeme upo mahali, umefichwa tu.

"Prof, weye ulisoma juu ya kufunga bantu akili," dereva alikuwa akisema, kwa Kiswahili chetu ambamo watu ni bantu, maji ni mayi na petroli ni esansi.

"Na gari yako ya mayi iko wapi? Mbona nilikuona ku pompe unaomba deni ya esansi?"

"Mayi ya Lubumbashi iko na bulongo mingi. Inaziba."

Jiwe lililetwa na mchimbaji mmoja kutoka upande wa Kinsevere, badala ya malipo ya simu iliyotengenezwa. Lilikuwa zito kuliko ukubwa wake, lenye mishipa inayong'aa, rangi ya dhahabu ikigeuka buluu. Injenia alilipasua vipande vinne. Chini ya kila kipande aliweka kitambaa, chini ya kitambaa kipande cha bati, akaunganisha vyote kwa nyaya ndani ya sanduku la mbao, na mwisho wa waya akafunga taa ndogo nyekundu aliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Taa ikawaka.

"Munaona? Jiwe iko na kuran mu tumbo," Injenia alisema, akimaanisha umeme.

Prof alichuchumaa, akanusa kitambaa. "Iko na chumvi. Hii ni betri, bwana. Jiwe huku, bati huku, mayi ya chumvi katikati. Jiwe haina kazi ya mingi. Ni bati njo inakuliwa."

"Basi tosha jiwe, ondosha kabisa, weka tofali, tuone kama itawaka."

Prof aliinuka, akakung'uta magoti. Tofali lisingewaka, ni kweli, na ukweli huo haukumsaidia. Dereva alicheka hadi munkoyo ukamtoka puani.

Mimi niliuliza swali la mfanyabiashara. "Na bati, umetosha wapi?"

Injenia aliangalia mawingu kana kwamba ndiyo yameulizwa. Jibu lilikuja siku chache baadaye pamoja na mvua. Mke wake, mshonaji, mwanamke wa Kongolo mwenye sauti isiyohitaji simu, alitoka jikoni ameshika sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyojaa maji.

"Bantu banaweka kataa mu nyumba juu baone," alisema, akiielekezea kidole ile kataa, taa ndogo ya mumewe. "Weye unatosha nyumba, unaiweka mu kataa!"

Alikuwa na haki kabisa, kuliko hata Prof. Sanduku lilikula bati polepole. Kila lilipotoboka kwa kutu, jiko lilipungua. Tulibishana hivyo msimu mzima, na sikumbuki Jumapili bora kuliko zile.

Halafu Injenia akawa manjano machoni. Redio za watu zilirundikana bila kuguswa. Sanduku lilihamia chumbani, kwenye ubao uliopigiliwa ukutani juu ya kichwa cha kitanda, na yule mke aliyelitukana ndiye aliyekuwa akilowanisha vitambaa kila asubuhi, maana mume alimwelekeza. Siku moja nikiwa nimeketi pale alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Hii ikizimika, ujue niko nimekwenda." Mke akamwambia aache upuuzi. Aliongeza maji.

Alikufa wakati wa joto, kabla ya mvua za kwanza. Kwetu, kwenye kilio cha matanga, mjane hukaa chini kwenye mkeka wala hafanyi kazi yoyote. Hapiki, hachoti, hata kikombe hajazi. Wanawake wengine humfanyia. Na wanawake wale hawakujua habari za vitambaa. Nani angewaambia? Mjane mwenyewe alikuwa haongei.

Siku ya kilio ambayo umeme ulikatika mtaa mzima, walinituma chumbani nichukue picha ya marehemu. Ilikuwa alasiri, pazia limefungwa. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Nilifikiri: mtu amemwagia maji. Nikagusa kitambaa. Kilikuwa kikavu, kinavunjika kama mkate wa juzi. Nikagusa cha pili, cha tatu, cha nne. Mimi sitembei bila kipimo changu cha umeme, kile chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Nikagusisha. Sifuri. Nilitoka nje, nikakijaribu kwenye betri ya teksi ya dereva, kikasoma vizuri kabisa. Nikarudi. Sifuri. Na ile taa ikiwa inaniangalia.

Nilichukua picha nikatoka, nikauacha mlango wazi, kwa sababu sikutaka kusikia ukifunga nyuma yangu. Mama mmoja aliyekuwa akipita aliona wekundu ule gizani, akafanya ishara ya msalaba kama mtu aliyepita mbele ya taa ya tabernakulo. Kufikia jioni, kilio kizima kilijua kwamba mtaa hauna umeme na nyumba ya marehemu inao.

Prof sijamwambia habari ya sifuri mpaka leo. Angekuwa na maelezo, na mimi sikuwa tayari kuyanunua.

Kaka mkubwa wa marehemu alitoka Likasi. Siku ya kuondoa kilio, ndugu wa mume hukaa upande mmoja, watu wa mjane upande wa pili, kila upande na msemaji wake. Watu wa mjane wako Kongolo, safari ambayo hakuna aliyeiweza. Mjane akaomba mimi nikae kwenye kiti chao. Alijua kazi yangu.

Kabla ya kikao nilimkuta jikoni, chini ya tundu la paa.

"Mama, kama banakuchagulisha, nyumba ao jiwe?"

Alichochea makaa ya mbabula, jiko letu dogo la mkaa. "Nyumba ni ya batoto," alisema. "Lakini yaya, kaka yangu, yeye iko mule mu jiwe."

"Ninajua," nilisema. Siku nyingine ningesema kwamba nilikuwa namfariji tu.

Kaka mkubwa alianza na kiwanja, nilivyotarajia. "Parseli ni ya ndugu yetu. Nyumba, vilevile. Mama atarudia kwabo na cherehani yake, na sisi tutamupa nauli. Hatuko bantu babaya."

Watoto watatu walikuwa wameketi mlangoni. Mjane alishona kwenye baraza la nyumba ile. Wateja wake wote walikuwa wa mtaa ule. Kongolo angeshonea nani?

"Sawa, mukubwa," nilisema. "Mubebe parseli. Mubebe nyumba, viti, cherehani vilevile. Siye tunaomba paka kajiwe, ile kajiwe tu."

Kaka mkubwa aliangalia mlango wa chumba.

"Kajiwe ya nini?"

"Ukumbusho."

"Ukumbusho gani bantu banaachia nyumba?"

"Mukubwa, usiniulize mingi mbele ya bantu."

Hapakuwa na neno la uongo hapo. Nimeuza betri kwa maneno machache kuliko hayo. Wakanong'onezana. Akasema jiwe ni mali ya familia. Nikakataa. Akasema ataacha cherehani. Nikasimama niondoke, dereva akanivuta shati kama tulivyopatana. Akasema ataacha cherehani na nyumba, kiwanja hapana. Nikamwuliza kama nyumba itaning'inia hewani. Watu wake mwenyewe walicheka, na hapo nikajua nimeshinda. Nilikubali nikiwa na uso wa mtu aliyeibiwa, na nusu ya uso huo haikuwa maigizo. Mkuu wa mtaa aliandika, wote wakatia sahihi: nyumba na kiwanja kwa mama na watoto, sanduku kwa kaka.

Mjane alilifunga sanduku kwa shati la Jumapili la mumewe. Hakuna aliyelilowanisha. Taa ilionekana kupitia kitambaa, ikiondoka barabarani mikononi mwa yule mtu.

Ilizimika alipovuka reli. Alinieleza mwenyewe Jumapili iliyofuata, akiwa amekuja kutoka Likasi na sanduku kwenye mapaja. Nilitegemea matusi, nilikuwa hata nimepanga majibu. Hakutukana. Aliuliza kama waya umekatika. Niliutazama, nikamwambia waya ni mzima, na ni kweli.

Tangu hapo huja kila Jumapili. Prof anasema tumwambie kuhusu maji ya chumvi, sayansi si siri ya ukoo. Dereva anasema, "Umuambie, akawashe mwezi moja, bati iishe, ajue ulimuuzia kajiwe ya bure. Atarudilia nyumba. Karatasi ya mkuu wa mtaa itamuzuia?" Wanabishana kama zamani, ila sauti ziko chini, na kikombe kikifika pale alipokuwa anakaa Injenia kinakawia kidogo kabla ya kuendelea.

Kule nyumbani, kwenye ubao juu ya kitanda, madoa manne yaliyovujia kutoka chini ya mawe hulowana asubuhi. Prof alieleza bila kuombwa: chumvi iliyoingia kwenye mbao huvuta unyevu, na sasa mvua zimeanza. Mjane alimshukuru kwa adabu. Hakuna kitu anachoweka pale.

Jumapili iliyopita kaka mkubwa hakufungua sanduku. Amekonda, tumbo alilokuja nalo kwenye kilio silioni tena.

"Sitaki tena kuuzisha," alisema. "Niambie paka kintu moja. Mbele ya kuwasha, ndugu yangu alikuwa anasema nini? Iko neno alikuwa anasema? Miye na yeye tuligombana miaka mingi, hakunifundisha."

Nilimwambia sijui. Akaitika kwa kichwa, akashika sanduku lake, akaenda kutafuta gari la Likasi.

Mfuko wa chumvi nimeununua. Uko chini ya meza yangu sokoni, pamoja na kipande cha bati kipya. Nikimpa, taa itawaka na atakuwa na ndugu yake kwa mwezi mmoja. Halafu bati litatoboka, naye atajua nilichomuuzia, na watoto watatu wako ndani ya nyumba ile. Nisipompa, ataendelea kuja. Na huenda nikampa, akalowanisha kila kitu sawasawa, na bado isiwake. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Jumapili haiko mbali. Wewe unayesoma, ambaye hukuiona ile sifuri, niambie: nimpe chumvi, au nisimpe?