Kinanda kisicho na sauti yake kilivyoniangusha kwenye mazishi ya mama

Wakuu, salamu kutoka Werugha, huku ukungu umetufunika tangu asubuhi. Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe. Sina haja ya kuongeza chumvi, hasira niliyo nayo inatosha.

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya kanisani kwetu. Kinanda chetu cha zamani kilikuwa kizito, kukibeba ni kazi ya watu wawili, lakini sauti zote zilikuwa ndani yake. Unakiwasha, kinalia.

Mwaka jana muuzaji mmoja wa vyombo pale Voi akatushawishi tumwachie hicho pamoja na mixer yetu ya maikrofoni, atupe seti mpya nyepesi.

"Boss, siku hizi kila kitu ni software," akasema. "Kinanda ni vitufe tu, laptop ndiyo inatengeneza sauti. Hata mixer iko humo humo."

Kwa wasioelewa: kinanda hicho bila laptop ni sawa na kupiga meza. Kinaiambia tu laptop umebonyeza wapi, mengine yote yanafanywa na processor. Maikrofoni nazo zinapitia hapo hapo.

Jumapili kilikuwa sawa kabisa, kwa sababu laptop haikuwa na kazi nyingine.

Kisha mama akaugua.

Mama aliimba soprano kwenye kwaya hiyo hiyo tangu sijazaliwa. Akiwa kitandani alichagua wimbo wa kumshusha kaburini, akanishika mkono: "Unipigie wewe. Usimwachie mtu mwingine."

Nikamwahidi.

Siku ya mazishi mnajua mambo yetu. Walio Mombasa na ng'ambo wanataka livestream, na picha za marehemu lazima zionekane kwenye skrini. Kanisa lina laptop moja. Basi pale kaburini vyote vikawekwa kwenye hiyo moja, pamoja na kinanda.

Ubeti wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili, nabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye. Nusu ya kwaya inafuata mkono wangu, nusu inafuata spika. Halafu ikaanza kukwaruza, ikakwama kwenye noti moja, ikabaki inalia tu bila kukoma. Jeneza linashuka.

Shangazi Wakesho, dada yake baba, akapaza sauti: "Zima hiyo kitu! Watu waimbe na mdomo!"

Ikazimwa, maikrofoni nazo zikafa. Watu wakaimba, tena wakaimba vizuri, siwezi kudanganya. Mimi nilisimama mikono ikining'inia, nalia kwa uchungu na aibu.

Nilipotulia nikashuka Voi. Yule muuzaji hata pole hakunipa.

"Laptop yenu ndiyo dhaifu, mnaibebesha kazi nyingi. Si mngerestart tu? Tafuteni kubwa zaidi."

"Na nani aliibebesha kazi ya kinanda na ya mixer?" nikamuuliza. "Si ni wewe?"

Akageukia mteja mwingine.

Hapo ndipo damu inanichemka, wakuu. Mtu anatoa matumbo ya kifaa, anakuuzia ganda, kazi yote anairundika kwenye mashine yako. Ikilemewa, wa kulaumiwa ni wewe! Ni dharau tupu.

Sipingi software. Studio wanaitumia vizuri, lakini mashine yao imetengwa kwa kazi hiyo. Nilichojifunza ni kwamba ukiuziwa kitu chochote, iwe kinanda au printer, uliza kwanza kinaweza kufanya nini kikiwa peke yake. Muuzaji akianza kuzunguka, ondoka.

Aliyeuziwa ganda kama sisi aseme hapa, tusaidiane kufungua macho ya makanisa mengine. Na nyinyi mtakaokuja na "si mngerestart", karibuni pia, ila kwanza mniambie jeneza la mama lingesubiri wapi.