Anwani ya Kuunganishia

Wajdi hukaa meza moja na mwanamke anayeandika programu ya kutafuta wachangiaji damu mjini Sfax, na amekwishazizoea tabia zake. Hutafuna mbegu za alizeti, huinong'oneza skrini kama anayembembeleza mtoto, na kazi ikigoma huiondoa mikono kwenye kibodi na kuikalia. Asubuhi ile aliikalia kwa muda mrefu. Programu yake, aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript, ilikuwa imewaka vizuri kwenye seva, lakini hifadhidata ya wachangiaji ilikataa kuipokea, na wodi ya wazazi ilikuwa inapiga simu ikitaka damu ya kundi moja adimu.

"Ondoa nywila tu, dada. Tutairudisha kesho," Wajdi alisema.

"Humu mna majina ya watu na maradhi yao. Niwaanike barabarani?"

Aliisoma anwani ya kuunganishia, ule mstari unaoipa programu njia na nywila ya kuingilia hifadhidata, herufi kwa herufi, kidole kikigusa kioo, hadi akaikuta alama moja katikati ya nywila, ambayo mashine iliidhania kuwa ndio mwisho wake. Akaiandika upya kwa namna ambayo mashine haingeikosea. Majina yakamiminika. Hakutabasamu, wala hakugeuka.

"Wa kwanza mwenye damu hiyo ni wewe," alisema. "Vaa koti, kaka. Mama wa watu anasubiri."